Kwa Nini Nyumba za Bumayeku Hukaa Bila Milango Wiki ya Hanuka

Kulikuwa na wakati, wala si wa kale sana, ambapo nyumba za kilima cha Bumayeku zilikuwa na milango mwaka mzima. Wiki ya Hanuka ilikuja ikapita huku makomeo yamepigwa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na watu wakisali kwa kunong'ona. Ninyi mnaoingia na kutoka mtakavyo hamwezi kuijua hali hiyo. Tulieni basi, niwaeleze yaliyompata Zipora.

Zipora alikuwa mke wa Wamono, mkulima wa kahawa. Walikuwa na watoto wanne: Debora, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya utoto, mapacha Mukhwana na Khakasa, ambao kutembea hawakukujua, walijua kukimbia tu, na Yaeli, aliyekuwa bado wa mgongoni. Wao, kama jamaa nyingi za kilima kile, walikuwa Wayahudi. Babu zao waliishika dini hiyo kwa hiari yao wenyewe, wakawarithisha wana wao Sabato, sikukuu na nyimbo zake.

Kisha ukaja utawala ulioipiga marufuku dini hiyo. Nyumba ya sala ya Bumayeku ikatiwa kufuli, na Chifu Wepukhulu akaambiwa ahakikishe hakuna anayesali Kiyahudi. Chifu hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na sauti ya chini na askari wawili, na hivyo vilimtosha.

Mwaka huo Hanuka, sikukuu ya taa ya siku nane, ilikuja katikati ya mavuno, na Zipora hakupata hata nafasi ya kukaa kitako. Buni zilikuwa zimeiva zikidondoka zenyewe. Alizichuma, akazianika mkekani, na kila alipomaliza kuanika wingu likajikusanya mlimani, akakimbia kuzianua. Mapacha walishikwa na matubwitubwi. Mashavu yao yalivimba kama maembe, akawafunga vitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, na bado walipigana. Mbuzi akazaa siku hiyo hiyo. Yaeli alikuwa anaota meno na hakukubali kushushwa mgongoni.

Lakini sikukuu ni sikukuu. Zipora na Debora walifinyanga vikombe vidogo vya udongo, kimoja kwa kila jioni na kingine cha kuwashia wenzake. Walisokota tambi za pamba, wakatia mafuta ya ufuta. Huku wakichambua buni, mama aliwasimulia watoto habari za mfalme wa zamani aliyewakataza Wayahudi kusali, akainajisi nyumba ya Mungu kule Yerusalemu. Akawaeleza jinsi watu wachache walivyomfukuza, wakawasha taa kwa mafuta ya siku moja tu, nayo ikawaka siku nane.

"Mfalme huyo alikuwa na askari wawili?" Mukhwana aliuliza.

"Alikuwa nao wengi zaidi," Zipora akajibu.

Jioni ya kwanza waliwasha taa kwenye chumba cha ndani, palipowekwa magunia. Wamono alikomea mlango, akatundika blanketi dirishani. Walianza wimbo wa baraka kwa kunong'ona, lakini Khakasa, aliyeupenda wimbo ule kuliko yote, akauimba kwa sauti. Baba yake akamziba mdomo. Mkono ukamgusa taya iliyovimba, mtoto akalia, na Wamono naye akamkumbatia huku machozi yakimlengalenga.

Khakasa alipotulia alimtazama mama yake. "Mama, tumeiba nini?"

"Hatujaiba kitu, mwanangu."

"Mbona tumejificha?"

Zipora akamfunga upya kitambaa cha kidevuni. Aliwaza jambo lile alipokuwa akinyonyesha, akaliwaza kesho yake akichuma kahawa. Alikuwa amehangaika wiki nzima ili watoto wake wapate sikukuu, na alichowapa ni chumba cha magunia. Jioni ya pili, jua lilipoegemea mlimani, alivibeba vile vikombe akavipanga nje, mbele ya kizingiti, mahali ambapo kila mpita njia angeviona.

"Mama Debora!" Wamono alishtuka. "Unataka watumalize?"

"Nataka hawa waijue sikukuu yao, Baba Debora. Hivi tunavyofanya, wakikua watakachokumbuka ni blanketi."

Wamono aliitazama njia. Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa ameshika lile blanketi. Akamfunika nalo Debora mabegani, akaketi kizingitini. Wakaimba wote sita, Yaeli akipiga kelele zake.

Chifu Wepukhulu alifika tambi zikiwa bado zinawaka. Majirani walichungulia kwenye nyufa za madirisha.

"Mama, taa hizi ni za nini?" aliuliza.

"Za Hanuka, Chifu."

Tangu nyumba ya sala ilipotiwa kufuli hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo nje ya kuta nne.

"Amri unaijua?"

"Naijua."

"Basi zime."

"Sizimi, Chifu. Mafuta yakiisha zitazima zenyewe."

Chifu hakubisha. Aliwaashiria askari, nao wakavikanyaga vikombe vyote, hata vile ambavyo zamu yake ilikuwa bado. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "Kwa kuwa unapenda kuonekana, tutakuona vizuri." Askari wakaung'oa mlango wa nyumba kwenye bawaba zake. Wakambebesha Wamono mwenyewe, aupeleke hadi ofisi ya Chifu, na kutoka hapo aende kuponda kokoto za barabara mpaka Chifu atakapochoka kumwona.

Wamono aliinama akauweka mlango kichwani. Kabla ya kuondoka aligeuka. "Kesho uwashe mapema, Mama Debora. Usisahau jua likizama inaingia Sabato, na moto hauwashwi."

Usiku huo baridi ya mlima iliingia nyumbani kama mwenye mji. Mbuzi nao waliingia, na vitoto vyao. Zipora aliwalaza watoto katikati ya mbuzi wapate joto. Alilia kidogo, kwa ajili ya mumewe. Alfajiri alichukua viazi vikubwa, akavikata na kuvichimba katikati, akavitia mafuta.

Alikuwa akivipanga kizingitini alipomwona Mzee Gidudu akipita njiani. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza sala kabla ya marufuku, na tangu kufuli litiwe hakuna aliyemsikia akiimba. Mgongoni alikuwa amebeba mlango.

"Mzee, unaupeleka wapi huo?"

"Kwa Chifu," akajibu akihema. "Nasikia anakusanya milango. Nimeona nisimsumbue kuja kwangu."

Zipora alicheka hadi Yaeli akaamka. Kisha akamfunga mtoto vizuri, akaenda kumshikia mzee ule mzigo upande wa pili.

Habari ilipanda kilima upesi kuliko moto wa nyasi. Ijumaa hiyo kahawa ilibaki mitini. Kila nyumba palisikika nyundo na misumari ikilia, milango ikang'olewa: ya mbao, ya mabati, hata ya matete. Walikuwa na haraka, kwani Sabato ikishaingia hakuna anayebeba mzigo. Wanawake walipika huku wakibeba, watoto walibeba bawaba mifukoni. Hata majirani wa dini nyingine walileta yao, wakisema mtu anayeanza kwa Wayahudi hataishia hapo. Jua lilipokaribia kuzama, ofisi ya Chifu haikuonekana kwa milango. Na kilima kizima, kila kwenye tundu la mlango, paliwaka taa.

Asubuhi Chifu alikuta hawezi kuingia ofisini. Akatuma askari wawaite watu. Walishuka wote, wamevaa nguo safi za Sabato.

"Chukueni takataka zenu," alisema. Kwa mara ya kwanza watu walisikia sauti yake ikipanda.

"Leo ni Sabato, Chifu," Mzee Gidudu akamjibu. "Hatubebi."

"Basi jioni!"

"Jioni tuna taa za kuwasha. Labda sikukuu ikiisha."

Zipora alisogea mbele, mapacha wamemshika sketi kila upande. "Mimi sikujia mlango. Nimekuja kumuuliza Chifu mume wangu anarudi lini."

Chifu aliwatazama watu wote wale. Vitisho vyake vilikuwa vya kung'oa milango, na mlango wa kung'oa haukuwepo tena. Askari wake wawili walikuwa wakitazama miguu yao. Alizunguka nyuma ya ofisi, akaingilia dirishani, na watoto wa Bumayeku walicheka mpaka wakalala chini.

Wamono hakurudi wiki ile. Alirudi mibuni ilipochanua tena, amekonda, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepondeka visiweze kukunjika. Kufuli la nyumba ya sala lilikaa miaka mingine mingi, hadi utawala ule ulipoanguka. Lakini taa hazikurudi tena chumba cha magunia, hata jioni moja.

Na tangu mwaka huo, Hanuka ikikaribia, kila mwenye nyumba wa Bumayeku hutafuta nyundo. Milango hung'olewa, ikashushwa kilimani na kulazwa penye ofisi ya chifu, awe chifu yeyote, mpaka sikukuu iishe. Baridi huingia, na mbuzi huingia, na kahawa hungoja. Wageni hutuuliza kama hatuogopi. Tunaogopa. Lakini milango tunaing'oa.