Modemu Ndani ya Sufuria

Sogeeni, wenye kazi na wasio nayo. Wenye kazi wakae nyuma. Mbele wamekaa vya kutosha.

Palikuwa na vijana watatu kwenye milima ya Taita, wote wamevaa kofia za mahafali na wote wamerudi kula kwa mama zao. Mwakisha alisomea umeme, na kipaji chake kilikuwa vidole: akishika waya anajua kama una uhai. Righa alisomea historia, na kipaji chake kilikuwa kukumbuka: alichokisoma mtandaoni, hata ugomvi wa watu asiowajua, hakimtoki. Mghoi alisomea kompyuta, na kipaji chake kilikuwa kusoma mpaka mwisho yale ambayo wengine huyafunga haraka. Alijua pia kudharau watu, lakini hilo halikuhitaji digrii.

Siku moja Mghoi alikuwa na mengi ya kudharau. Ushirika wa maziwa ulikuwa na kompyuta moja, zawadi ya mfadhili, yenye Linux badala ya Windows, na modemu moja ya kuchomeka ambayo kompyuta ilikataa kuiona. Zabuni ya kuziuzia shule maziwa ilikuwa inafungwa adhuhuri, na hupokelewa kwa mtandao tu. Mwenyekiti, Mzee Mwandoe, akawaita.

"Fundi wetu amehamia Mombasa. Atakayeifufua hii kitu kabla ya adhuhuri, kiti cha fundi ni chake. Permanent and pensionable!"

Mghoi akamtazama. Ndiye huyu aliyewahi kumfukuza akatafute experience, kana kwamba experience huuzwa kioski pamoja na sukari.

"Modemu yenyewe iko wapi, Mzee?"

"Dirishani. Ndani ya sufuria."

Kweli ilikuwemo. Sufuria ilining'inia dirishani ili kuvuta network, modemu imelala ndani kama kiazi. Zamani kompyuta ilikaa karibu na hapo. Mzee aliponunua kiti kipya cha kuzunguka aliihamishia kompyuta pembeni mwa kiti hicho ili wageni waione, akairefusha njia kwa waya juu ya waya mpaka upande wa pili wa ofisi.

"Nani alibuni hii?" Righa akauliza.

"Ni mimi," Mwenyekiti akajibu kwa fahari.

Mwakisha akaigusa modemu. "Baridi kama maiti. Manze, umeme unachoka njiani." Akaing'oa ile misururu ya nyaya na kuichomeka modemu moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Taa ikawaka. Mwenyekiti akapiga makofi kabla ya wakati, kama kawaida ya viongozi. Kwenye skrini kulitokea picha ya sidii. Modemu, hakuna.

"Sidii? Mimi sijanunua sidii!"

Righa akafumba macho. "Hii nimeisoma. Kuna jamaa walitukanana kurasa nzima juu yake. Hizi modemu hujifanya sidii kwanza, zikupe programu ya Windows. Ukiitoa sidii, ndipo zinageuka modemu."

"Utaitoaje na haina mlango?"

"Kwa amri, Mzee." Akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika eject na jina la hiyo sidii ya uongo. Fundi wa zamani alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi bila kumwambia mtu. Taa ikazima, ikarudi na rangi nyingine, na kwenye orodha ya vifaa ikaandikwa modemu. Righa akajipiga kifua. Akabonyeza kuunganisha. Programu ikagoma: haina modemu ya kutumia.

"Sogeeni," Mghoi akasema. Akafungua logi, yale maandishi ambayo kompyuta hujiandikia kila inapokwama, akaanza kuyasoma.

"Dada, hiyo ni Biblia?" Righa akasema. "Saa zinakwenda."

"Wewe umemaliza yako, tulia." Akasoma mpaka akafika penyewe. "Mzee, kompyuta inasema huna ruhusa ya kugusa modemu."

"Mimi? Mwenyekiti?"

"Wewe. Wanaoruhusiwa wako kwenye kundi lao. Fundi alikuwemo. Ulipotaka akaunti mpya yenye jina lako na picha yako, hukuwekwa. Paswadi ya msimamizi ni gani?"

Mzee akainama, akanong'ona, "Bwanamkubwa."

Hakuna aliyecheka, lakini iliwagharimu. Mghoi akamtia Mzee kundini, akaifunga akaunti na kuifungua upya. Modemu ikaonekana. Wakabeba meza nzima hadi dirishani kutafuta network, Mwenyekiti akisaidia kwa kushika sufuria, na zabuni ikaenda kabla ya adhuhuri.

Basi Mzee akaweka ufunguo wa ofisi mezani. "Kiti ni kimoja. Nikichagua mimi, mtasema napendelea. Amueni wenyewe."

Woga mtupu, Mghoi akawaza, na umekalia kiti cha kuzunguka.

"Bila mimi mngekuwa mnaongea na maiti," Mwakisha akaanza.

"Bila mimi mngekuwa na sidii yenye taa," Righa akasema. "Mngeiwekea muziki?"

"Na bila mimi," Mghoi akasema, "mngekuwa na modemu ya kutazama."

Mghoi akanyoosha mkono kuuchukua ufunguo, akakuta mikono mingine miwili imefika. Hakuna aliyeachia. Mzee alizunguka kwenye kiti chake akiwatazama, na ile dharau ambayo Mghoi alikuwa amemmwagia asubuhi nzima, sasa aliiona machoni mwa Mzee, imerudishwa kwao wote watatu.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu mkiwa mmeketi. Msiniletee habari ya kugawana. Kiti hakikatwi vipande. Mikono mitatu iko juu ya ufunguo mmoja, na kila mmoja umeufanyia kazi. Je, wewe ungeuacha mkono wa nani, na ile mingine miwili ungeiambia nini ukiibandua?