Mbegu ya Mama Fidès

Baridi ya Julai ilipokwisha kuwatesa watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, Léoncie alishika jembe la marehemu mama yake. Alikuwa mshonaji, miaka yote ya kambini yeye alikaa kwenye cherehani, na bustani ikawa ya mama yake, Mama Fidès. Sasa Mama Fidès alikuwa amezikwa tangu Mei, na kazi ya mikono yake ilibaki katika chupa moja tu: maharagwe ya manjano yenye jicho jeusi, mbegu aliyotoka nayo Ngozi, Burundi, akaipanda na kuichagua kila mwaka. Mbegu hiyo ikipotea, Léoncie alijiambia, nitakuwa nimemzika mama mara ya pili.

Basi alifanya kazi kama mchwa. Aliokota mawe, akavunja madongoa, akabeba samadi ya mbuzi kwa beseni, akainua matuta sita nyuma ya nyumba. Alasiri moja ya Oktoba mvua ikanyesha. Ikanyesha haswa! Kwao Ngozi, mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kupanda. Hivyo ndivyo alivyokumbuka tangu utotoni. Kesho yake asubuhi akatoka na chupa.

Jirani yake, Mama Chikondi, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza nyanya kambini, alimwona kutoka uani kwake.

"Dada Léoncie, ngoja kwanza! Hii mvua ni ya kuzima moto wa porini tu. Ya kupanda inakuja nyuma, mwezi wa kumi na mbili."

"Mi niko mutoto wa mulimaji," Léoncie akajibu bila kuinua kichwa. "Mama alikuwa anapanda na mvua ya kwanza. We hauwezi kunifundisha mbegu ya mama yangu."

Mama Chikondi akaingia ndani. Léoncie naye akaifukia mbegu yote, asibakize hata punje. Jamani, yote!

Maharagwe yaliota, akafurahi. Kisha jua likawaka wiki baada ya wiki, bila tone la mvua. Alipanga foleni bombani tangu alfajiri, lakini ndoo mbili ni nini mbele ya jua lile? Majani yalijikunja, yakakauka, yakavunjikia mkononi mwake. Akapanda minibasi hadi Lilongwe, akazunguka soko la Area 36 meza kwa meza. Walimwonyesha maharagwe mekundu, meupe, ya madoadoa. Ya mama yake hayakuwapo. Aliporudi aliketi juu ya tuta akalia kama siku ya mazishi.

Mvua ya kweli ilifika Desemba. Siku ya tatu Mama Chikondi akabisha hodi, mkononi ana bakuli lililofunikwa kitambaa. Léoncie akafunua. Maharagwe ya manjano, jicho jeusi!

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa mama yako. Mwaka ule wa njaa kwetu tulikula mpaka mbegu. Yeye ndo alinipatia vikombe viwili nipande, na ninapanda mpaka leo. Chukua."

Léoncie akalipokea bakuli. Siku zote alidhani mbegu ile ililiwa zamani, lakini siku yenyewe aliikumbuka vizuri mno, kwa kuwa yeye ndiye aliyemgombeza mama: "Sisi tutakula nini, we unapatia batu mbegu?" Mama alijaza tu kikombe cha pili.

"Nisamehe, Mama Chikondi. Nilikujibu vibaya."

"Vibaya sana," jirani akasema. "Hata nilitaka kukunyima. Wiki nzima nilikuwa naangalia hili bakuli. Nikashindwa, mama yako alinipa wakati yeye mwenyewe hana."

"Zikomo," Léoncie akamshukuru kwa Kichewa, na machozi yakamtoka.

Wakaingia bustanini wote wawili, mmoja akichimba vishimo, mwingine akitia mbegu na kufukia, hadi matuta sita yakaisha. Mbegu ambayo Léoncie aliishika kwa nguvu zote ilimponyoka, na ile ambayo mama yake aliitoa kwa jirani ndiyo iliyorudi nyumbani. Hakika, wema hauozi.