Sharti la Singo

Bi Zuwena alimiliki nusu ya mtaa, na kiburi cha mtaa mzima. Siku moja alimwita mpangaji wake Kibibi, fundi wa kuwasinga maharusi, yaani kuwasugua mwili kwa singo ya asumini na mawaridi.

"Nisinge. Ijumaa, kwenye harusi ya jirani, nionekane mwari. La sivyo, uhame nyumba yangu."

"Bibi, singo hung'arisha na kunukiza. Miaka haiondoi."

"Utahama!"

"Basi itaiondoa," Kibibi akasema upesi. "Ila usishike kioo, wala usikunje uso, mpaka wageni wakuone. Ukikunja mara moja tu, makunyanzi yote hurudi papo hapo."

Wiki nzima Kibibi alimsinga, na Bi Zuwena alichekelea kila kitu, hata wali ulioungua na kuku waliochafua baraza.

Ijumaa, mbele ya wanawake wote, Kibibi alimfunua ushungi akampa kioo. Bi Zuwena akayaona makunyanzi yake yaleyale, akakunja uso.

"Masikini! Sasa hivi alikuwa mwari!" Kibibi akapiga kelele. "Jamani, si mmemwona akikunja uso?"

"Tumemwona!" wanawake wakaitikia.

Bi Zuwena akavuta pumzi ili afoke.

"Taratibu, bibi," Kibibi akamnong'oneza. "Utaongeza makunyanzi mengine."

Bi Zuwena akatabasamu haraka. "Kesho njoo tuanze upya."