Tone la Mwisho la Mafuta ya Mkadi

Jongeeni, wanangu. Masikio nipeni mimi, macho yapeni moto.

Mize alikuwa mtengeneza mishumaa ya nta ya nyuki. Siku moja zimwi la pangoni likammeza mdogo wake, Tatu, mzima mzima. Mize akalifuata hadi pangoni na kapu lake la nta na manukato.

"Nitamtapika," zimwi likasema, "nikisikia harufu iliyonilaza nilipokuwa mtoto. Ni harufu ya nini, nimesahau."

Mize akayeyusha nta palepale, akatia asumini. Lakini kwa haraka yake nta ilikuwa bado inatokota, harufu ikaruka na mvuke. Zimwi likanguruma, mawe yakapukutika.

Akatia udi. Haraka ileile, nta inatokota vilevile, harufu ikaruka. Zimwi likapanua kinywa, na Mize akamsikia Tatu tumboni akiita, "Dada."

Kilichobaki ni tone la mwisho la mafuta ya mkadi, ua la pwani linalonukia, mafuta ya nywele ya marehemu mama yao, ambayo Mize huyanusa kila akimkumbuka. Safari hii akasubiri nta ipoe, mpaka ikafanya utando kama maziwa. Ndipo akalidondosha.

Mshumaa ulipowaka, moshi ukasimama kama mwanamke aliyejifunga leso. Ukainama, ukalipapasa zimwi kichwani. Zimwi likamtoa Tatu taratibu, likajikunyata kama mtoto, likalala. Likageuka kilima.

Mize akarudi na mdogo wake, na chupa tupu. Tangu hapo, akimkumbuka mama, hupanda kilimani.

Mimi nimepita pale juzi. Kinanukia mkadi, wanangu, na bado kinapumua.