Mtama wa Nungunungu

Haya, masikio yako wapi?

(Wasikilizaji: Yapo hapa!)

Yana nafasi?

(Yana nafasi, tia!)

Basi natia. Hapo zamani za kale kanga walikuwa na shida moja tu, na shida yenyewe ni Kicheche. Kila jua likizama, alikuja akala vifaranga wao. Kanga walipiga kelele, lakini kelele haichomi.

Silaha alikuwa nazo Nungunungu peke yake, mgongoni. Mkuu wa kanga, Bi Kororo, akamwendea kuomba miiba yake, akamwambia hawana kitu cha kulipa ila mtama.

Nungunungu hali mtama. Yeye ni mtu wa viazi. Lakini alijiwazia kuwa mtama atawapelekea njiwa, nao watampa viazi. Akakubali, tena akaongeza asali mdomoni.

"Na juu ya biashara hii, mama, nitawafundisha vijana wako kutengeneza mikuki yao wenyewe."

"Lini, mwanangu?"

"Mkishavuna."

Bi Kororo akafurahi, akampimia mtama. Kanga wakashika miiba midomoni. Kicheche akaja, akachomwa, akakimbia. Lakini miiba ilikatikia mwilini mwake, na alipopona akarudi.

Bi Kororo akaenda tena. Mtama ukatoka, miiba ikaja. Na mafunzo? Nungunungu akasema ana mafua. Kicheche akachomwa, miiba ikakatika, akarudi.

Safari ya tatu mtama ukatoka wote, hata wa mbegu. Na mafunzo? Nungunungu akasema hafundishi mawingu yakitanda. Jamani, huyu! Ahadi ni deni, lakini yeye ahadi aliifanya chambo.

Sasa sikieni. Njiwa walimcheka. Wao na kuchimba viazi wapi na wapi? Mtama wote ukabaki umerundikwa mlangoni mwa shimo lake. Mvua ikanyesha. Mtama ukalowa, ukavimba, ukaota, ukaziba mlango, na Nungunungu yumo ndani. Alisukuma, miiba yake ikanasa. Pua tu ndiyo iliyochomoza. Akalia kuomba msaada.

Bi Kororo akaja na ukoo wake wote, wana njaa kweli.

"Tutaula huu mtama, utoke," akasema. "Ila kwanza somo."

"Nitoeni, mama, niwafundishe vizuri huko nje."

"La, mwanangu. Mdomo wako haujazibwa. Fundisha."

Akafundisha, afanyeje? Chukua mwiba mrefu wa mgunga, uuivishe kwenye majivu ya moto, uunoe juu ya jiwe. Kanga wakatazamana. Walikuwa wakilala juu ya mgunga kila siku! Wengine waliona haya, wengine wakacheka mpaka wakakaa chini.

Bi Kororo akatengeneza mmoja, akaujaribu kwenye ile pua. Nungunungu akaruka humo humo shimoni.

"Barabara," akasema Bi Kororo. "Haya wanangu, kuleni."

Wakala mpaka mlango ukafunguka. Nungunungu akatoka amekonda, akaenda kujichimbia viazi. Kicheche akaja, akachomwa. Akarudi, akakuta miiba mipya. Akarudi tena, akakuta mingine. Akahama, na vifaranga wakakua.

Ngano inasema hivi: anayekuuzia mkuki na kukuahidi ufundi, akupe ufundi kwanza, ndipo umpimie mtama.

Mzigo wangu nautua hapa. Mwenye kichwa na aubebe, aende nao kwao.