Kifaru Alipopiga Marufuku Nyimbo za Kinuni

Hapo zamani za kale, sogeeni wajukuu zangu, sogeeni, wanyama walikuwa wakitwanga mtama kwenye uwanja wa Bibi Nyati. Tu! Tu! Tu! Hapo ndipo Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, alipojifunzia kazi. Kila kinu kilikuwa na watwangaji wawili, na wimbo mmoja wa kuwaongoza kupokezana. Jua likifika utosini, Bibi aliita, "Haya, michi chini, uji umeiva!" Wakanywa, wakajinyoosha kivulini, wakataniana. Ah, siku zile! Hata kuchoka kulikuwa na raha yake.

Bibi Nyati akafa. Uwanja akaushika Kifaru.

"Kuimba marufuku!" akanguruma. "Mdomo ukiimba, mkono unalegea. Uji na maji, mkanywe kwenu. Na atakayeketi kabla ya jua kuzama, aende zake, asirudi!"

Basi michi ikawa inagongana, kwa! kwa! Bila wimbo, nani ajue zamu yake? Mikono ikavimba. Kanga, aliyemfundisha Pimbi kutwanga, akaanza kutetemeka miguu. Alikuwa na vifaranga nyumbani, na bila unga wa uwanja ule wangelala njaa.

"Pimbi mwanangu," akanong'ona, "leo naanguka."

"Jikaze kidogo, mama. Ngoja nikaseme na mkubwa."

Moyo ukimuuma, Pimbi akamwendea Kifaru, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Mbona umeacha mchi?"

"Wenzangu wajinga, Bwana! Ati hakuna awezaye kutwanga kutwa bila wimbo wala kupumzika. Nikawaambia, nyamazeni! Bwana wetu anaweza, yeye na msimamizi wake Kiboko."

"Hilo tu?" Kifaru akavimba kichwa. "Leteni kinu!"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wakaanza. Tu! Kwa! Mchi wa Kiboko ukamgonga Kifaru mkononi.

"Uwii! Huoni?"

"Samahani Bwana, sikujua ni zamu ya nani."

Tu! Kwa! Sasa ukamwangukia kidole cha mguu. Kifaru akarukaruka, lakini kuacha hakuweza, macho ya wote yalikuwa juu yake. Jua likapanda. Jasho chururu, ulimi nje.

"Maji," akakoroma.

"Ukanywe kwako, Bwana," akasema Pimbi kwa adabu kabisa.

Mwishowe magoti yakakataa. Puu! Kifaru akaketi katikati ya pumba.

"Jamani!" Pimbi akapaza sauti. "Nani kaketi kabla ya jua kuzama?"

"Kifaru!"

"Na aliyeketi?"

"Aende zake, asirudi!"

Kifaru akalitazama lango, akaitazama mikono yake iliyovimba.

"Pimbi, umenipata," akasema kwa sauti ndogo. "Amri naifuta."

"Na nyimbo?"

"Ziimbwe."

"Na uji?"

"Upikwe! Upikwe sasa hivi, nami mnipe kata moja!"

Kanga akaketi bila kumwomba mtu ruhusa, akaanzisha wimbo aliokuwa akiupenda Bibi Nyati. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini uwanja mzima uliitikia. Pimbi akamkumbuka Bibi, akalia mbele ya wote, wala hakuona haya.

Nami nautua mchi wangu hapa: anayekutwangia naye ana mgongo, usipompumzisha utatwanga mwenyewe.