Jina la Kitukuu cha Mzee Shekalaghe

Sogeeni. Anayependa kupeleka maneno akae mbali. Kazi hiyo naimudu mwenyewe.

Palikuwa na wanawake watatu. Mwanaidi, mtaalamu wa ganzi na usingizi wa wanaopasuliwa, masikio yake yalinasa hata pumzi ikikwama. Daktari Salha, mpasuaji, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa msusi. Na Chausiku, mjane, jirani ya Mzee Shekalaghe, alijaliwa macho. Macho gani? Ya kuona visivyomhusu.

Mzee, miaka themanini na miwili, alipelekwa kupasuliwa ngiri. Mlangoni akaapa: "Mwanamke atakayenitoa humu mzima, kitukuu changu wa kike aliyezaliwa wiki hii ataitwa jina lake." Mkewe, Bi Mwanamvua, akaulizwa kama mzee ana dawa anazotumia. "Hana hata ya kikohozi," akajibu.

Wakamchoma ganzi ya kiunoni. Daktari Salha alipovuta utumbo aurudishe ndani, Mwanaidi akasikia mashine ikichelewa: ti... ti... Mapigo arobaini. Thelathini na tano. "Daktari, moyo unalala! Achia!" Asingesikia, mzee angekwenda.

Daktari Salha hakubisha, na watu wa kisu nawajua kwa kiburi. Akaachia papo hapo. Moyo ukajikongoja. Asingeachia, mzee angekwenda.

Mara ukazama tena. Mwanaidi akachoma sindano ya kuamsha moyo, wapi! Nesi akatoka mbio: "Huyu mzee anatumia nini?" Mwanamvua akaapa hakuna. Chausiku, aliyekuja na chupa ya uji, akadakia: "Anatia matone ya presha ya macho, asubuhi na jioni. Kichupa kiko chini ya mto." Kumbe matone hayo huweza kuupunguzia mwendo moyo wa mzee! Mwanaidi akabadili dawa, moyo ukashika njia. Chausiku asingesema, mzee angekwenda.

Mzee akatoka mzima. Mwanamvua hakumtazama mumewe; alimtazama Chausiku.

"Chini ya mto ulifika lini, shoga?"

"Nilikuwa nafagia, dada."

"Kwangu? Fagio langu hulijui hata rangi!"

Mzee akafumba macho, eti usingizi haujamtoka. Ganzi ya kiunoni, jamani, inapanda mpaka kwenye kope?

Kesho yake kitukuu huyo alikuwa anatimiza siku saba. Wembe wa kumnyolea umeshanunuliwa, jina linangojwa kutoka kitandani kwa mzee. Aliyesikia, aliyeachia, au aliyesema? Jina ni moja, na Mwanamvua ndiye atakayeliita kutwa nzima uani kwake.

Mimi simo. Je, wewe ungempa mtoto jina la nani?